Swali la Fidencio

Jioni ya wazazi, shule ya Colchani, Bolivia.
Ukuta wa darasa ni matofali ya chumvi,
na upepo wa uwandani unagonga dirisha bila kungoja karibu.
Mwalimu Casilda Yucra amepanga mezani
betri tatu alizozifunga kwa utepe,
kitaa cha kijani alichokichomoa kwenye redio mbovu,
misumari miwili aliyoifuta kwa sketi yake,
na chupa ya maji yaliyokenekwa
aliyoinunua Uyuni kwa fundi wa magari.

Baba yangu, Fidencio Huarachi, yuko mstari wa mbele
kwenye kiti cha mtoto, magoti yanamkaribia kidevu,
midomo imempasuka kwa miaka ishirini na sita
ya kufungasha chumvi.
"Chumvi yetu ina umeme," anasema kabla hajaulizwa.
"Nani asiyejua?"

Akapewa misumari.
Akaichomeka kwenye bonge kavu.
Giza.
Akaikandamiza. Giza, na kicheko cha akina mama huko nyuma.
"Basi ni maji." Akaitumbukiza glasini.
Giza vilevile.
Nikainamia sakafu. Sakafu nayo ni chumvi.

Mwalimu akachota kwa vidole viwili,
kiasi cha kukoleza supu ya kinoa,
akakitia kwenye maji, akakoroga kwa kalamu.

Kitaa kikafumbua jicho.

Zamani, alisema, kabla hata ya ziwa lililotuachia uwanda huu,
sodiamu alilemewa na elektroni moja,
klorini akapungukiwa na moja.
Huyu akatoa, yule akapokea.
Aliyetoa ndiye anayeitwa chanya,
aliyepokea ndiye hasi; msiniulize kwa nini.
Wote wawili ni ayoni.
Ndani ya bonge wamebanana bega kwa bega:
chaji wanayo, njia hawana.
Ndipo maji huja, nayo yana pande mbili.
Upande wa oksijeni humgeukia sodiamu,
wa hidrojeni humgeukia mwenzake,
yanawabembeleza mmoja mmoja watoke safuni,
yanawavika koti la maji.
Umeme wa glasini ni mwendo wao wenyewe:
huyu anaelekea msumari hasi, yule chanya,
wanapishana, hawasalimiani.

Doña Primitiva, muuza mikate, akataka tujaribu sukari.
Ikayeyuka yote. Giza.
"Huyo huyeyuka mzima," alisema mwalimu, "hagawanyiki."
Tukatia siki kwenye glasi nyingine:
kitaa kikawaka kama mtu anayesinzia ibadani,
maana katika siki wanaoachana ni wachache.

Watu wakaanza kuvaa poncho zao.
Baba hakuinuka.

"Mwalimu. Januari ile.
Maji yalikuwa yamefika vifundoni,
mawingu juu, mawingu chini.
Ndugu yangu Dámaso alikuwa ameinama na sepetu.
Radi ilipiga hatua mia kutoka kwake. Mia, nilizihesabu baadaye.
Wakasema mlima umemchagua."
Akanyosha kidole kwenye glasi.
"Walikuwa hawa?"

Mwalimu Casilda alichomoa misumari polepole.
Mmoja ulikuwa umeota vipovu vidogo vidogo.
"Sijui, Don Fidencio.
Radi ina hesabu zake, na mimi sizijui zote.
Ila hawa hawana nia. Wakivutwa, huenda."

Baba aliomba ile glasi.
Tulirudi nyumbani gizani, ameikinga kwa kofia
kana kwamba amebeba kifaranga,
na mlangoni akamwagia ardhi matone matatu,
kama tunavyoinywesha kabla ya kunywa sisi.
Iliyobaki akaiweka dirishani.

Upepo wa Colchani una kiu.
Siku ya tisa maji yalikuwa yamekwisha,
na kwenye kitako cha glasi palibaki pete nyeupe,
vipembe vyake vimenyooka:
wamerudi safuni, bega kwa bega.

Mama ameosha vyombo vyote vya nyumba hii tangu hapo.
Ile glasi haigusi.